Kwa nini chenja ya CD ya gari la zamani hukataa diski uliyochoma mwenyewe?

Chenja ya kwenye buti, ile inayobeba diski sita au kumi ndani ya kasha, huwachanganya wengi. Diski ya dukani inaimba vizuri, lakini uliyochoma kwenye kompyuta inazungushwa kidogo, kisha redio inadai hakuna diski. Wenye gari huamua papo hapo kwamba mashine imekufa, na mara nyingi haijafa.

CD husomwa kwa mwanga. Leza isiyoonekana kwa macho, ya nanomita 780, hupiga uso wa chini wa diski, na chenja hupima mwanga unaorudi. Diski ya kiwandani hurudisha angalau asilimia 70. CD-R, ile inayochomwa mara moja, huikaribia, kwa hiyo chenja nyingi huisoma, ingawa kwa taabu leza ikishachoka. Tatizo kubwa ni CD-RW, ile inayofutika na kuandikwa upya: hurudisha kati ya asilimia 15 na 25 tu. Ilitoka mwaka 1997, na chenja nyingi za kabla ya hapo hazikuandaliwa kwa mwanga hafifu kiasi hicho. Hapo hata ukisafisha lenzi kutwa nzima, hutapata kitu.

Sababu ya pili ni namna ya kuchoma. Ukijaza nyimbo mia za MP3, umetengeneza diski ya data, na chenja ya miaka ya 90 haiijui MP3. Chagua kuchoma CD ya muziki, ya dakika 74 hadi 80, na hakikisha programu inaifunga diski ikimaliza, yaani inaikamilisha (finalize) ili isiongezwe kitu tena.

Je, zikianza kuruka hata orijino? Kwanza tazama mikwaruzo ya karibu na katikati. CD husomwa kutoka ndani kwenda nje, na orodha ya nyimbo iko huko ndani. Ikiharibika hapo, diski nzima hukataliwa. Kisha fikiria vumbi kwenye lenzi, ambalo fundi redio huliondoa kwa pamba na spiriti safi, bila kukandamiza.

Kwa chenja ya mtumba iliyohamishwa kutoka gari jingine, mimi ningeanza na mkao wake. Ndani, mashine huning'inia kwenye springi zinazomeza mitikisiko, na chenja nyingi zina swichi ubavuni za kueleza kama imelazwa au imesimamishwa. Swichi zikikaa vibaya, muziki utaruka kwenye kila tuta. Baadhi huja pia na skrubu za kusafirishia zinazofunga springi hizo, nazo lazima zitolewe kabla ya kufunga chenja garini.

Lebo ya karatasi usiibandike kamwe. Joto la buti huilegeza gundi, karatasi inajikunja, na diski inakwama ndani ya kasha. Andika jina kwa kalamu ya ncha laini, upande wa juu.