Mtoto anaharisha na ORS "haifungi": maswali na majibu

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila wiki kwenye chumba cha watoto, na akina mama, akina baba, na zaidi ya wote akina bibi. Majibu ni yale yale ninayotoa nikiwa kituoni, ila hapa nimeongeza yale ambayo watafiti wameyapima kwa watoto wengi, kwa sababu wapo wanaosema, "Nesi huyu ana maneno yake tu."

Kuharisha ni nini hasa?

Ni kupata choo cha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku, au mara nyingi kuliko ilivyo kawaida ya mtoto huyo. Mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kupata choo laini mara kadhaa kwa siku na akawa mzima kabisa. Angalia kilichobadilika.

Kinachoua ni nini, kama kuharisha kwenyewe kunakwisha?

Ni kuishiwa maji na chumvi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto zaidi ya 440,000 wenye umri chini ya miaka 5 hufa kwa magonjwa ya kuharisha. Mtoto mdogo hana akiba ya maji kama mtu mzima, kwa hiyo anayeharisha tangu alfajiri anaweza kuwa hatarini kabla ya jua kuzama, hata kama jana alikuwa anakimbizana na kuku.

Nesi, nimempa ORS tangu asubuhi na bado anaharisha. Si ina maana haifanyi kazi?

Inafanya kazi. Naomba jibu hili lisomwe polepole, maana hapa ndipo tunapowapoteza watoto.

ORS, yaani unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, haikutengenezwa ili ifunge choo. Kazi yake ni kurudisha mwilini maji na chumvi vinavyopotea, ili mtoto awe hai na mwenye nguvu wakati kuharisha kunajimaliza kwenyewe, na kwa kawaida hilo huchukua siku kadhaa. Usiipime ORS kwa kuhesabu nepi. Ipime kwa kumtazama mtoto. Anakojoa? Akilia machozi yanatoka? Mdomo una mate? Anakutazama usoni? Kama ndiyo, ORS inafanya kazi hata kama ameharisha mara nane.

Ninachokiona ni hiki. Mama anaketi mbele yangu, mtoto amelegea begani, macho yamedidimia, ngozi ya tumbo nikiifinya inabaki imesimama kabla ya kurudi. Namwomba anionyeshe alichompa. Mkobani inatoka chupa ya Flagyl ya maji (antibayotiki ya metronidazole) iliyobaki nusu, na chini yake pakiti ya ORS haijafunguliwa, au imefunguliwa siku ya kwanza ikaachwa. Namuuliza kwa nini aliacha. "Haikumfunga." Siku mbili zimepita hivyo.

Basi nasema tena: usiache ORS kwa sababu bado anaharisha. Kuharisha kunakoendelea ndiyo sababu ya kuendelea kumpa.

Hiyo si sukari na chumvi tu? Inawezaje kushinda dripu?

Ni sukari na chumvi, ila kwa vipimo. Ndani ya utumbo, glukosi huingia mwilini ikiwa imeshikana na chumvi ya sodiamu, na maji hufuata nyuma yake. Njia hiyo hubaki wazi hata kwa mgonjwa wa kipindupindu. Mwaka 1968 madaktari David Nalin na Richard Cash, wakiwa Dhaka, sasa mji mkuu wa Bangladesh, walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wakinywa mchanganyiko huo, mahitaji yao ya dripu hupungua sana.

Mwaka 1971 vita ya Bangladesh iliwamwaga wakimbizi kwa mamilioni upande wa India. Kwenye kambi ya Bangaon kipindupindu kilipamba moto na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwapa wagonjwa maji ya sukari na chumvi yaliyochanganywa kwenye mapipa, na ndugu zao ndio waliokuwa wakiwanywesha. Kabla ya hapo vifo vilikuwa vimefika karibu 30 katika kila wagonjwa 100. Kwa waliotibiwa chini yake vilishuka hadi chini ya 4. Wanyweshaji walikuwa mama, shangazi na kaka wa mgonjwa, watu wasio na cheti chochote. Nalitaja hilo kila ninapoambiwa "ningekuwa na mtu wa kumtundikia dripu."

Dripu ina nafasi yake, kwa mtoto asiyeweza kunywa au aliyezidiwa. Anayeweza kunywa, anywe.

Lakini kila akinywa anaharisha. Bibi yake anasema nimpunguzie maji ili tumbo litulie.

Shikamoo bibi, lakini hapana.

Naelewa mawazo hayo yanatoka wapi. Mchumi Sendhil Mullainathan, aliyechunguza jambo hili kwa akina mama wa India, anaeleza kwamba watu humwona mtoto anayeharisha kama ndoo inayovuja: ukiona inavuja, huongezi maji. Hesabu hiyo inaonekana ya busara, na ndiyo maana ni ngumu kuing'oa. Lakini mtoto ataendelea kupoteza maji hata usipompa tone, kwa sababu utumbo unayatoa mwilini mwake mwenyewe. Ukimnyima, unamkausha.

Mpe zaidi ya kawaida. Anayenyonya anyonye mara nyingi zaidi, usiku na mchana. Anayekula ale: uji, mtori, ndizi zilizopondwa, chakula kile kile cha nyumbani kidogo kidogo. Soda na juisi za dukani weka mbali, sukari yake ni nyingi mno na inaweza kuzidisha kuharisha.

Kwa nini hamtupi Flagyl? Duka la dawa wananipa bila shida.

Kwa sababu kuharisha kwingi kwa watoto wadogo kunatokana na virusi, kama vile rota, na Flagyl haiui virusi. Tena ni chungu na inatia kichefuchefu. Mtoto akiitapika, anaikataa na ORS pia.

Kuna utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Tanzania, Kenya, Malawi, Mali, India, Pakistan na Bangladesh. Ulihusisha watoto zaidi ya 8,000 wa chini ya miaka 2 wenye kuharisha maji na pia dalili za ukavu au za utapiamlo, yaani wale walio hatarini zaidi. Wote walipewa huduma ya kawaida ikiwamo ORS na vidonge vya madini ya zinki. Nusu yao wakaongezewa antibayotiki ya azithromycin, na nusu wakapewa kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani. Waliofariki ndani ya miezi 6 walikuwa 20 upande wa antibayotiki na 28 upande wa pili, tofauti ndogo ambayo watafiti walisema inaweza kuwa ya bahati tu. Sasa kama antibayotiki haikuonyesha faida ya uhakika kwa watoto dhaifu kiasi hicho, nusu chupa ya Flagyl kwa mwanao anayecheza inatafuta nini? Kuharisha damu ni jambo jingine, hapo antibayotiki inahitajika, na ni sisi tunaochagua ipi.

Vidonge vya kufunga choo, loperamidi na ndugu zake, usimpe mtoto mdogo hata kwa bahati mbaya. Vinaweza kulaza utumbo usifanye kazi.

Mbona basi muuza dawa hakuniambia kuhusu ORS?

Huenda alidhani huitaki. Swali hili lilipimwa India, katika majimbo ya Karnataka na Bihar, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024. Watafiti walituma watu wa kuigiza kwa watoa huduma binafsi zaidi ya 2,000, kila mmoja akisema mtoto wake anaharisha. Wengine waliomba ORS, wengine waliomba antibayotiki, wengine hawakuomba kitu. Watu wengi walitarajia kwamba tatizo ni faida ya mauzo au ORS kuisha dukani. Vyote viwili vilichangia kidogo tu. Sababu kubwa kuliko zote, asilimia 42 ya tatizo, ilikuwa dhana ya mtoa huduma kwamba mteja hataki ORS. Mteja alipoitaja mwenyewe, uwezekano wa kuandikiwa uliongezeka kwa pointi 27 za asilimia, yaani wateja 27 zaidi katika kila 100.

Kwa hiyo ukifika dirishani useme: "Naomba ORS na zinki." Usiseme "nipe kitu cha kumfunga." Ukiomba cha kufunga utapewa cha kufunga, na wenzangu wa maduka ya dawa muhimu wanaokubali kirahisi hivyo nawaomba waache.

Ni meno tu, si ndiyo? Yakishatoka ataacha.

Si meno. Huko Marekani, watafiti wa Cleveland waliwafuatilia watoto wachanga ambao wazazi wao waliandika dalili kila siku meno yakiota, na taarifa ikatoka mwaka 2000. Udenda, kuuma vitu na kusugua fizi vilionekana. Choo cha maji hakikuhusiana na meno. Mtoto huota meno katika umri ule ule anaotambaa na kutia kila kitu mdomoni, basi.

Na anayetaka kumpeleka mtoto akang'olewe "meno ya plastiki" anisikilize: hakuna meno hayo. Kinachochokolewa na chombo kichafu ni jino changa ndani ya fizi. Tunaletewa watoto wenye ukavu na kidonda kilichooza juu yake.

Nichanganye vipi?

Soma pakiti kwanza. Nyingi zetu ni za lita 1, lakini zipo za nusu lita. Kwa ya lita 1, pima maji safi na salama chupa mbili za nusu lita, zijae, mimina pakiti yote mara moja, koroga. Usigawe unga uchanganye kidogo kidogo kwa kukadiria na kikombe. Maji yakiwa machache chumvi inazidi, na chumvi iliyozidi inamdhuru mtoto. Usiongeze sukari, usichanganye na soda wala maziwa. Yakifikisha saa 24 mwaga, changanya mengine.

Kila baada ya choo, wa chini ya miaka 2 apate mililita 50 hadi 100, wa miaka 2 na zaidi 100 hadi 200. Tumia kijiko au kikombe.

Anatapika kila nikimpa.

Subiri dakika 10, kisha anza tena polepole, kijiko kimoja kila baada ya dakika mbili au tatu. Watoto wengi hutapika kwa sababu wamepewa kikombe kizima kwa pupa. Ni kazi ya kuchosha na huenda ukakesha nayo, najua. Pokezaneni na baba yake.

Na zinki?

Miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Wa chini ya miezi 6 apate 10. Kidonge kinayeyushwa kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama. Inafupisha ugonjwa, na inapunguza uwezekano wa kuharisha tena katika miezi inayofuata, ndiyo maana haiachwi siku choo kinapokauka. Mmalizie dozi.

Nije kituoni lini?

Leo, saa hii, ukiona mojawapo: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au haamki vizuri, macho yamedidimia, utosi umebonyea, hajakojoa kwa saa 6, ana damu kwenye choo, ana degedege, au choo kinatoka kwa wingi kama maji yaliyooshea mchele. Mwenye umri chini ya miezi 2, na mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu, njoo mara tu anapoanza, usisubiri dalili.

Usisubiri Jumatatu. Usisubiri baba arudi safari. Usisubiri dozi ya Flagyl iishe. Na njiani endelea kumpa ORS, hata kwenye bodaboda.

Duka liko karibu. Kuna haja gani ya kuweka ORS nyumbani?

Kwa sababu mtoto huanza kuharisha saa 8 usiku. Uganda walijaribu jambo hili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Katika vijiji ambako wahudumu wa afya ya jamii waliwapelekea watu ORS na zinki nyumbani bure, kabla hakuna anayeumwa, asilimia 77 ya watoto walioharisha walipewa ORS. Katika vijiji vilivyoachwa na utaratibu wa kawaida ilikuwa 56. Pakiti zilikuwa zile zile, ila hawa walikuwa nazo ndani.

Weka mbili na zinki, pakavu, watoto wasipofika, na tarehe ya mwisho uikague. Mwonyeshe pia dada wa kazi na bibi zilipo na zinavyochanganywa, maana mara nyingi wao ndio wanaobaki na mtoto.