Waliyozushiwa wachoraji wa Haiti

Kuanzia Septemba 2024 hadi Machi 2025, jumba la sanaa la taifa la Marekani, National Gallery of Art la Washington, lilionyesha michoro ya Haiti ya karne ya 20 pamoja na kazi za wasanii walio hai. Msingi wa maonyesho hayo ulikuwa michoro iliyotolewa zawadi na wakusanyaji binafsi: kazi za akina Hector Hyppolite, Philomé Obin, Rigaud Benoit, Castera Bazile na Wilson Bigaud. Kwa wanaoifuatilia sanaa hii, hatua hiyo ilichelewa mno. Ila kila inapoonyeshwa, uzushi uleule wa zamani huibuka nayo. Huu hapa, mmoja baada ya mwingine.

"Ilianza 1944, Mmarekani alipofika"

DeWitt Peters, mchoraji wa rangi za maji aliyekuwa amepelekwa Port-au-Prince kufundisha Kiingereza, alifungua kituo cha Centre d'Art mwezi Mei 1944. Hilo ni kweli. Lisilosemwa ni kwamba hakukianzisha peke yake; Wahaiti kama Albert Mangonès na Maurice Borno walikuwamo tangu siku za kwanza. Na uchoraji ulikuwapo zamani. Henri Christophe, aliyekuwa mfalme wa kaskazini hadi 1820, alimleta mchoraji Mwingereza Richard Evans, na sura ya mfalme aliyoichora Evans ingalipo hadi leo. Mwaka 1931 alifika William Edouard Scott, Mmarekani mweusi, akawachora wakulima na wachuuzi wa sokoni, na kijana Pétion Savain akajifunza kwake. Obin naye alikuwa akichora mjini Cap-Haïtien miongo kadhaa kabla ya Peters kukanyaga Haiti.

Alichokileta Peters ni wanunuzi. Si haba, lakini tusiite kuzaliwa kwa sanaa.

"Hawakusoma, walichora tu kama watoto"

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana linavaa joho la sifa. Msanii anaambiwa ana moyo safi na mkono usioharibiwa na shule, na papo hapo ananyang'anywa akili.

Mtazame Obin. Nyumba zake zimepangwa kwa mistari iliyonyooka, watu wake ni wadogo na wamevalia rasmi, na chini ya picha mara nyingi ameandika maelezo kwa herufi nadhifu: ni nani, wapi, lini. Ni mwandishi wa historia anayetumia brashi. Mchoro aliopeleka Centre d'Art kwa mara ya kwanza ulihusu ziara ya Rais Roosevelt mjini Cap-Haïtien mwaka 1934, mwaka ambao wanajeshi wa Marekani waliondoka baada ya kuikalia Haiti tangu 1915. Baadaye akamgeukia Charlemagne Péralte, kiongozi wa wapiganaji walioupinga ukaliaji huo. Wanajeshi walipomuua Péralte mwaka 1919, waliifunga maiti yake kwenye mlango, wakaipiga picha na kuisambaza ili wananchi watishike. Wananchi walimwona Kristo msalabani. Obin aliichukua picha hiyo ya adui, akaichora upya kama kusulubiwa kwa ajili ya uhuru, mama wa marehemu akiwa amesimama kando. Mtoto hafanyi hesabu ya namna hiyo.

Hyppolite alikuwa oungan, yaani kuhani wa Vodou, na kabla ya sifa alijipatia riziki kwa kupaka rangi nyumba. Peters alivutiwa na maua na ndege aliowachora kwenye milango ya baa moja iliyoitwa "Ici la Renaissance". Alichora kwa rangi za mafuta za kupakia samani, wakati mwingine kwa manyoya ya kuku. Mwishoni mwa 1945 André Breton, mshairi Mfaransa na kiongozi wa wasanii wa surrealism, alifika Haiti akiwa na mchoraji wa Cuba Wifredo Lam na kununua michoro kadhaa ya Hyppolite. Mwaka 1948 Hyppolite akafariki, ndiyo maana karibu kazi zake zote tunazozijua ni za miaka michache tu.

Na wapo waliosoma, tena sana. Luce Turnier alisomea New York na Paris. Lucien Price alikuwa akichora picha zisizo na umbo la kitu chochote tangu miaka ya 1940. Mwaka 1950 kundi lilijitenga na Centre d'Art na kuunda Foyer des Arts Plastiques, likilalamika kwamba kituo kilipendelea kazi za "wasiosoma" kwa kuwa ndizo wageni walizozitaka. Hervé Télémaque alihamia New York, kisha Paris mwaka 1961, akawa miongoni mwa wachoraji wakubwa wa Ufaransa. Ukitembelea onyesho la Haiti usiwakute watu wa aina hii, jua mchaguzi amechagua kwa macho ya duka.

"Yote ni Vodou, na Vodou ni uchawi"

Hapa makosa ni mawili. Vodou ni dini, na mizizi yake iko Dahomey (Benin ya leo), Kongo na kwingineko Afrika, ikachanganyika na Ukatoliki. Ezili, Ogou na Danbala ni lwa, roho zinazotumikiwa kwa ngoma, chakula na sala. Pili, wachoraji wengi hawakuwa na haja nazo. Obin alikuwa Mprotestanti.

Mwaka 1950 na 1951 wachoraji wa Centre d'Art walipamba kuta za kanisa kuu la Kianglikana la Sainte-Trinité, Port-au-Prince, kwa visa vya Biblia ambamo watu ni Wahaiti weusi. Bigaud aliichora harusi ya Kana kama harusi ya kijiji cha Haiti. Tetemeko la tarehe 12 Januari 2010 liliangusha karibu kila kitu. Michoro mitatu ilibaki: Karamu ya Mwisho ya Obin, ubatizo wa Yesu uliochorwa na Bazile, na maandamano yaliyochorwa na Préfète Duffaut.

"Ni picha za rangi tu, tena wanasubiri kugunduliwa"

Georges Liautaud wa Croix-des-Bouquets alikuwa mhunzi aliyefua misalaba ya makaburini. Leo mji huo unajulikana kwa sanamu zinazokatwa kwa nyundo na patasi kutoka mapipa ya mafuta. Myrlande Constant aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha magauni ya harusi. Ufundi huo wa kushonea shanga aliuhamishia kwenye bendera za Vodou, akazikuza hadi zikafikia mita kadhaa kwa upana, na mwaka 2022 zikaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia.

Halafu kuna Atis Rezistans, kundi la wasanii wa mtaa wa Grand Rue, Port-au-Prince, wanaounda sanamu kwa vipuri vya magari, mbao na hata mafuvu ya watu. Baadhi yao walinyimwa viza ya kwenda Miami kwenye ufunguzi wa onyesho lenye kazi zao wenyewe. Hawakungoja mwaliko mwingine: mwaka 2009 walianzisha maonyesho yao ya sanaa, Ghetto Biennale, mtaani kwao, wasanii wa nje wakawa ndio wanaopanda ndege kuwafuata. Mwaka 2022 walipoalikwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta nchini Ujerumani, walipewa kanisa zima la Kassel wapange kazi zao.