Rangi nzuri haiponyi sarafu iliyoharibika

Wakusanyaji wengi huamini kuwa sarafu ya madini ya fedha iliyogeuka buluu au zambarau inafaa kununuliwa hata ikiwa imesuguliwa ili ing'ae. Sivyo. Rangi hizo ni utando mwembamba mno wa salfaidi ya fedha, yaani fedha iliyoungana na salfa. Madhara yaliyo chini yake yako palepale. Kampuni zinazopima ubora wa sarafu, kama PCGS na NGC, huitaja kasoro hiyo na kuinyima sarafu alama ya ubora ya 1 hadi 70. Tena, wapo wanaopaka rangi kusudi, kwa salfa na joto, kuficha usuguaji.

Ishike sarafu ukingoni chini ya taa moja, uiinamishe polepole, uikague kwa lenzi ya kukuza mara 5 hadi 10. Mistari myembamba inayofuata upande mmoja ni alama ya kitambaa au brashi. Usijaribu kuifuta sarafu! Ukiitamani bado, lipa bei ya sarafu iliyoharibika.