Umeme wa Pedali za Gitaa: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Pedali za gitaa ni visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti, na nyingi zinazofikishwa kwa fundi zikiwa kimya hazijachakaa. Zimechomekwa adapta isiyo yake. Na mara nyingi jibu liko kwenye pedali yenyewe, kando ya tundu la umeme au chini ya kitako: volti, miliampia (mA), na kialama cha duara chenye jumlisha na kutoa. Vitu hivyo vitatu vinatosha kukuokoa, mradi ujue kipi lazima kilingane na kipi kinaruhusiwa kuzidi.

Dhana: Adapta ya mA 2000 itaunguza pedali ya mA 20

Haiwezi. Adapta husukuma volti, lakini mkondo ni pedali yenyewe inayovuta, kwa kadiri ya haja yake. Boss DS-1, pedali ya distoshoni (ya kukwaruza sauti), hula miliampia chache tu. Ipe adapta ya volti 9 yenye mA 100 au mA 2000, itachukua zile zile chache.

Hatari iko upande wa pili. Strymon BigSky, pedali ya mwangwi, kwa mfano, inataka angalau mA 300. Ukiichomeka kwenye tundu la mA 100, taa zinaweza kuwaka vizuri ukadhani mambo sawa, halafu katikati ya wimbo inajizima na kujiwasha, au inatoa mlio wa kukwaruza, huku adapta ikipata joto. Volti zimeporomoka kwa sababu adapta imezidiwa.

Hesabu yake ni ya kujumlisha. Tuseme una tyuna (ya kulinganisha nyuzi) ya mA 60, distoshoni mbili za mA 15 kila moja, korasi (ya kunenepesha sauti) ya mA 30 na dilei (ya kurudia sauti) ya kidijitali ya mA 70. Jumla mA 190. Ongeza robo ya akiba, unafika kama mA 240, basi adapta ya mA 300 inatosha na ya mA 500 ni nzuri zaidi.

Angalizo kwa wenye boksi la umeme lenye matundu mengi: jumla ya boksi si kipimo pekee. Boksi la matundu kumi ya mA 100 kila moja haliilishi pedali ya mA 300, hata kama matundu mengine tisa yako wazi. Angalia namba iliyoandikwa kwenye kila tundu.

Dhana: Plagi ikiingia, adapta inafaa

Hapa ndipo pedali nyingi zinapofia. Plagi ya duara ya milimita 5.5 kwa nje na 2.1 kwa ndani hutumika kwenye vifaa chungu nzima: ruta za intaneti, kamera za ulinzi, taa za LED. Karibu vyote hivyo vina chanya katikati. Pedali nyingi za gitaa ni kinyume: hasi katikati, chanya nje. Kwa hiyo adapta ya ruta ya volti 9 inaingia bila shida kabisa, na inapeleka umeme kinyumenyume.

Kinachotokea ndani hutegemea mtengenezaji. Pedali nyingi zina dayodi ya ulinzi (kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu), kwa kawaida ya aina ya 1N4001 au 1N4007, inayounganisha chanya na hasi umeme ukija kinyume. Adapta dhaifu itazidiwa na kuzima. Yenye nguvu itaichoma dayodi, nayo ikishaungua mara nyingi hubaki imeshika shoti: pedali haiwaki tena hata kwa adapta sahihi. Usiitupe. Fundi akibadilisha dayodi hiyo moja, ya bei ndogo mno, mara nyingi pedali inarudi. Ambayo haikuwa na dayodi hupoteza chipu na kapasita (visehemu vinavyohifadhi chaji).

Pima kabla ya kuchomeka. Weka mita ya fundi kwenye DC (umeme wa mwelekeo mmoja) volti 20. Ncha nyekundu ndani ya tundu la plagi, ncha nyeusi kwenye mkebe wa nje, bila kuziacha zigusane. Ikisoma kama −9, katikati ni hasi, inafaa pedali nyingi. Ikisoma +9, iache. Ikisoma sifuri, geuza mita kwenye AC (umeme unaobadili mwelekeo, kama wa ukutani), kwa sababu zipo adapta zinazotoa AC, na zipo pedali zinazotaka hiyo hiyo. Line 6 DL4 ya zamani, ile kubwa ya kijani, na DigiTech Whammy za zamani hutumia volti 9 za AC. Adapta hizo zisikaribie pedali nyingine yoyote.

Dhana: Kilichoandikwa volti 9 hutoa volti 9

Adapta nzito za zamani, zenye transfoma na zisizo na reguleta (kijisehemu cha kushikilia volti zisibadilike), huweza kutoa volti 12 hadi 14 zikiwa hazina mzigo. Distoshoni ya kawaida inaweza kuvumilia. Lakini pedali zenye chipu ya kuzidisha volti, kama ICL7660 au MAX1044, haziwezi: chipu hizo zinaishia kwenye volti 10 hivi. Na kwa kuwa pedali moja ya analogi ni mzigo mdogo mno, volti za adapta hiyo hazitashuka zikichomekwa. Mita ikisoma zaidi ya 10 kwa adapta ya 9, tafuta nyingine. (Betri mpya ya volti 9 husoma kama 9.5, hilo si tatizo.)

Dhana: Volti 18 huipa kila pedali sauti nzuri

Huzipa nafasi zaidi ya sauti kabla ya kukwaruza pedali chache ambazo mtengenezaji amesema zinakubali. Nyingine zina kapasita za volti 16 ndani. Kama maandishi hayasemi 18, usijaribu.

Dhana: Ukisikia mvumo, nunua adapta ghali

Kwanza tafuta unatoka wapi. Punguza volyumu ya gitaa hadi mwisho. Mvumo ukikoma, unatoka kwenye pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) au nyaya za ndani ya gitaa, na adapta haihusiki. Ukibaki, chomoa pedali zote, gitaa liende moja kwa moja kwenye amplifaya, kisha rudisha pedali moja moja. Mara nyingi utakuta mlio mwembamba, kama wa mbu, umeingia pamoja na pedali ya kidijitali. Saa ya ndani ya pedali hiyo (mapigo yanayoendesha chipu zake) huchafua umeme inaoshirikiana na wenzake kwenye waya mmoja wa vichwa vingi.

Dawa si kutupa waya huo. Pedali tano za analogi hukaa humo kwa amani. Ipe ya kidijitali adapta yake peke yake, sikiliza tena. Ukiwa na za kidijitali tatu au nne, hapo boksi lenye matundu yaliyotengwa, yaani yasiyoungana ndani, linastahili bei yake.

Ila hakikisha yametengwa kweli, maana yapo maboksi yanayouzwa kwa sifa hiyo ilhali ndani ni tundu moja lililogawanywa. Chomoa boksi ukutani, weka mita kwenye mlio wa shoti, gusa katikati ya plagi za nyaya mbili tofauti. Ikilia, hasi zao ni moja, hazijatengwa.

Pedali za fuzi (za mlio mzito wa kukwaruza, si fyuzi ya umeme) zenye transista za jemaniamu za aina ya PNP, kama Fuzz Face za mwanzo, ni kesi ya peke yake: udongo wao, yaani upande wa umeme unaoungana na ganda la waya wa gitaa, ni chanya. Ukiziweka kwenye waya mmoja na nyingine, waya wa gitaa unakamilisha shoti. Zipe betri au tundu lililotengwa.

Dhana: Boksi kutoka Marekani linahitaji kubadilishiwa plagi tu

Soma upande wa kuingilia. Likisema 100–240V, 50/60Hz, badilisha plagi. Likisema 120V tu, umeme wa Tanzania wa volti 230 au wa Kenya wa 240 utaliunguza papo hapo. Hilo linahitaji transfoma ya kushusha.

Dhana: Kwenye shughuli isiyo na umeme, betri ya gari inatosha

Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6, na ikiwa inachajiwa hufika 14 na zaidi. Usiunge moja kwa moja. Tumia reguleta 7809: maandishi yakikuelekea, mguu wa kushoto ni kuingia, wa kati ni hasi, wa kulia ni kutoka. Weka kapasita ya 0.33µF kuingia na ya 0.1µF kutoka, fyuzi ya ampia 1 karibu na chanya ya betri, na kipande cha alumini mgongoni kwa ajili ya joto. Kwa mA 500 reguleta hugeuza karibu wati 2 kuwa joto, kwa hiyo usiifunge ndani ya kiboksi cha plastiki. Mguu wa kutoka uende kwenye mkebe wa nje wa plagi, hasi iende katikati, kisha pima kwa mita kama ilivyoelezwa juu. Betri ikishuka chini ya volti 11 hivi, reguleta haiwezi tena kushikilia 9, na dilei ndiyo itakayoanza kulalamika.