Uvimbe kwenye njia ya kuona ya mtoto: yanayosemwa na yaliyo kweli

Uvimbe wenyewe mara nyingi ni glioma, yaani uvimbe unaotokana na seli zinazoshikilia na kulinda nyuzi za fahamu. Huota ndani ya mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo, au pale mishipa hiyo miwili inapokutana nyuma ya macho. Kwa kawaida hukua polepole. Watoto wengi wanaoupata wana ugonjwa wa vinasaba uitwao neurofibromatosisi aina ya 1, yaani NF1. Mara nyingi dalili yake ya kwanza ni madoa ya kahawia yaliyokolea kuliko ngozi: 6 au zaidi, kila moja likizidi milimita 5 kwa mtoto ambaye hajabalehe. Kati ya watoto 100 wenye NF1, takriban 15 hadi 20 hupata uvimbe huu, wengi wao kabla ya miaka 7.

“Angekuwa haoni, angesema.”

Hasemi. Mtoto wa miaka 3 hajui kwamba wenzake wanaona zaidi yake, na jicho moja likififia, la pili hulifanyia kazi. Anakimbia, anachezea simu, anamtambua mama mlangoni. Mzibe jicho bovu, ataendelea na mchezo wake kama kawaida. Mzibe lile zima, atausukuma mkono wako na kuanza kulia. Watu husema ni utundu, kumbe ametoa jibu. Ndiyo maana kila jicho hupimwa peke yake.

“Picha ya MRI imeonyesha uvimbe haujakua, basi macho yako salama.”

Hii ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote, maana hata baadhi ya wahudumu wa afya wanayo. Ukubwa wa uvimbe na uwezo wa kuona haviendi sambamba. Kuna uvimbe mkubwa unaokaa miaka bila kugusa uoni, na kuna mdogo usioongezeka hata kidogo huku jicho likizidi kufifia. Wapo pia watoto ambao picha inaonyesha uvimbe umesinyaa baada ya dawa, ila macho yameshuka. Kwa hiyo uamuzi wa kuanza matibabu, hasa kwa mwenye NF1, hutegemea sana kipimo cha macho. Kushuka kwa mistari 2 kwenye chati, kukithibitishwa kwa kupima tena, ni jambo la kushughulikia hata kama picha haijabadilika.

“Mtoto mchanga hapimiki.”

Anapimika bila kusema neno. Kuna kadi za kijivu ziitwazo Teller, zenye michirizi myeusi na myeupe upande mmoja tu. Mtoto hupenda kutazama penye michirizi. Mpimaji huchungulia kupitia tundu dogo katikati ya kadi aone macho yanaelekea wapi, kisha huleta kadi zenye michirizi myembamba zaidi na zaidi, mpaka mtoto asione tofauti ya pande hizo mbili. Akifika miaka 3 hivi hupewa chati ya picha iliyobuniwa na Lea Hyvärinen, daktari wa macho wa Finland: tofaa, nyumba, mraba na duara. Asiyetaka kutaja huonyesha kwa kidole picha inayofanana.

Ila mtoto mwenye usingizi au njaa hutoa majibu mabaya, kwa hiyo jibu moja baya si lazima liwe ugonjwa. Anarudiwa siku nyingine, kwa kadi zilezile.

“Ni kengeza tu, apewe miwani.”

Huenda ni kengeza tu. Lakini kengeza lililoanza ghafla, jicho linalochezacheza, jicho linalojitokeza nje, au mboni isiyosinyaa vizuri ikimulikwa tochi, ni vya kumpeleka kwa bingwa wa macho. Na kinyume chake nacho ni kweli: mtoto mwenye uvimbe anaweza kuhitaji miwani kama mtoto mwingine yeyote. Apimwe akiwa ameivaa, la sivyo uvimbe utalaumiwa bure.

“Akisoma chati vizuri, yatosha.”

Haitoshi. Uvimbe ulio kwenye makutano ya mishipa unaweza kula uoni wa pembeni huku mtoto akisoma herufi za mbele vizuri. Huyu ndiye anayegonga bega kwenye mwimo wa mlango. Daktari huchunguza pia rangi, mboni na sehemu ya nyuma ya jicho, ambako mshipa ulioumia huonekana umepauka. Penye mashine ya OCT, inayopiga picha ya tabaka za nyuma ya jicho kwa mwanga, unene wa nyuzi za mshipa hupimwa kwa sekunde chache, bila mionzi, mradi mtoto atulie.

“Wakate uvimbe wote, macho yarudi.”

Glioma imeshikamana na nyuzi zilezile zinazobeba uoni. Kuikata yote ni kukata na kuona. Ndiyo maana kwa kawaida huanzwa na dawa za saratani, mara nyingi carboplatin na vincristine, na kwa mtoto wa NF1 tiba ya mionzi huepukwa kwa sababu humwongezea hatari ya uvimbe mwingine na kuziba kwa mishipa ya damu ya ubongo. Wapo wanaopata nafuu ya kuona, lakini mara nyingi ushindi ni kuzuia macho yasishuke zaidi. Kwa hiyo mtoto mwenye NF1 apimwe macho walau mara moja kwa mwaka akiwa mdogo, hata kama hana dalili yoyote. Aliyegundulika na uvimbe, mwanzoni hupimwa kila miezi 3 hivi. Mzazi atunze majibu yote na kwenda nayo kila kliniki, kwa kuwa daktari asiyeona namba za nyuma hawezi kujua kama jicho limeshuka.