Kisukari, neva na moyo: kwa nini mshtuko wa moyo wakati mwingine hauumi?

Neva, yaani mishipa ya fahamu, zinahusikaje na moyo? Moyo si unapiga wenyewe?

Ni kweli, unapiga wenyewe. Moyo ungeachwa bila neva yoyote ungepiga kama mara 100 kwa dakika. Ukiwa umetulia unapiga 60 hadi 80 hivi, kwa sababu neva iitwayo vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni, inaushikia breki. Zipo nyingine, za simpathetiki, zinazouchochea ukipanda ngazi au ukishtuka. Zote hufanya kazi bila wewe kuziamrisha.

Breki hiyo unaweza kuihisi sasa hivi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Vuta pumzi taratibu kwa sekunde 5, toa kwa sekunde 5. Ukivuta, mapigo yanaharakisha kidogo, ukitoa, yanapoa. Kwa vijana tofauti hiyo ni kubwa, na umri ukisogea inapungua, kwa hiyo mzee asiogope akiikosa.

Kisukari kinaharibu nini hapo?

Sukari ikikaa juu miaka mingi hula neva, na vagasi, kwa urefu wake, huguswa mapema. Breki ikilegea, mapigo hukaa 90 au 100 hata mtu akiwa ameketi tu. Baadaye neva zinazokaza mishipa ya damu nazo huchoka: mtu akiinuka kitandani presha inaporomoka, macho yanaingia giza. Wengi husema ni damu kupungua, wananunua dawa ya kuongeza damu, na tatizo linabaki palepale.

Na maumivu ya kifua je?

Hapa ndipo ninapoomba tusikilizane. Neva zinazopeleka habari ya maumivu kutoka moyoni nazo huharibika. Mshipa wa moyo unaziba, msuli unakufa, na mgonjwa hasikii kifua kikibana. Anachopata ni jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi kukatika, au uchovu wa ghafla usio na sababu. Nyumbani wanasema vidonda vya tumbo, anapewa maziwa alale. Mwenye kisukari akipatwa na hayo ghafla, mpelekeni hospitali saa ileile, na mkifika semeni mapema kwamba ana sukari, ili apimwe umeme wa moyo.

Niombe nini kliniki?

Omba upimwe presha ukiwa umelala, kisha tena ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, daktari aangalie pia dawa unazotumia, maana baadhi ya dawa za presha huleta hali hiyohiyo. Usiziache kwa uamuzi wako. Ukiamka asubuhi, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, chezesha miguu, ndipo usimame.