Kadi ya implanti yako iko wapi? Kwa watu wa Lamu wanaotaka kuziba mapengo mengi

Wiki ya kampeni ya afya ya kinywa imeisha, hii ya kila mwaka karibu na tarehe 20 Machi, tumezunguka Shela, Matondoni, Kipungani, tukavuka mpaka Faza, na safari hii walioniuliza habari za kung'oa walikuwa wachache. Watu wanauliza implanti, ile skrubu ya titaniamu inayopandwa ndani ya mfupa wa taya ibebe meno ya bandia. Na si implanti ya jino moja, mtu ana mapengo manne, sita, mwengine taya zima la chini limebaki fizi tupu, na ameona video kwenye simu mtu ameingia kliniki asubuhi kibogoyo ametoka jioni ana meno kinywa kizima, basi na yeye anataka vivyo hivyo. Pamoja na maswali yakaja malalamiko, na hayo malalamiko ndiyo yaliyonikalisha chini niandike, kwa sababu mengi yangeepukika kwa kikaratasi kidogo tu.

Kuna mama mmoja wa upande wa Pate alikuja kwetu, akakaa kwenye kiti na hakufungua mdomo. Alifungua fundo la pembe ya leso. Ndani mlikuwa na meno matatu yaliyoungana kipande kimoja, daraja la magego, na skrubu ndogo kama punje ya mchele. "Daktari mwanangu, yametoka nikila mkate wa mofa." Nikamtazama kinywani, implanti zake mbili ziko imara kabisa, fizi safi, hazina usaha wala damu. Ilikuwa ni ile skrubu ndogo ya kufungia daraja kwenye implanti imelegea tu, jambo la kawaida, kazi ya dakika kumi ukiwa na bisibisi yake. Tatizo ni hilo neno "yake". Kila kampuni ina kichwa chake cha skrubu, kuna cha pembe sita, kuna cha mraba, kuna cha nyota, na hata zinazofanana kwa macho zinapishana kwa sehemu ya kumi ya milimita. Nikajaribu bisibisi zote nilizonazo, hakuna iliyoshika.

Nikamuuliza, mama, kadi yako ya implanti iko wapi? Kadi gani? Ana risiti, imeandikwa "meno" na kiasi cha pesa, basi. Kliniki aliyofanyiwa huko Mombasa ilishahama na simu haishikwi. Ikabidi tumpige eksirei, nimtumie mwenzangu anayeweka implanti kila siku, aitambue kampuni kwa kuangalia umbo la nyuzi za ile skrubu iliyo ndani ya mfupa, kisha bisibisi ije kwa basi mpaka Mokowe na kwa boti mpaka hapa. Karibu mwezi mzima mama anakula uji na meno yake yako kwenye leso.

Sasa niseme wazi. Kila implanti inapotoka kiwandani, ndani ya boksi lake mna stika za kubandua, zimeandikwa jina la kampuni, aina, kipenyo, urefu na namba ya toleo. Moja inabandikwa kwenye faili lako, nyingine kwenye kadi unayopewa wewe. Haiongezi gharama yoyote. Kwenye kadi ongezea tarehe, ni nafasi ya jino gani, jina la daktari na namba yake ya usajili, kisha ipige picha uwatumie wanao. Ukiwekewa implanti nne unataka stika nne, na daraja likifungwa uliza pia aina ya kiungio, kile kipande cha kati ya implanti na daraja, na skrubu iliyotumika, maana hiyo huwa na karatasi yake. Usione haya kuuliza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inasema mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na aelezwe kwa lugha anayoielewa. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona rekodi zinazokuhusu wewe mwenyewe. Kwa hivyo daktari akikwambia faili ni mali ya kliniki, mwambie sawa faili libaki, mimi nataka nakala.

Nije kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanapotishika bure ama kulipishwa bure. Kila pengo si lazima lipate skrubu yake. Sijui hili neno la pengo moja skrubu moja lilianzia wapi lakini nimelisikia kila kijiji. Magego matatu yaliyofuatana yanabebwa vizuri na implanti mbili na daraja la meno matatu. Meno manne ya mbele chini, implanti mbili mara nyingi zinatosha. Taya zima la meno ya kufunga moja kwa moja, nne mpaka sita, kutegemea mfupa. Mtu akikuandikia implanti 14 kwa taya moja, chukua hiyo karatasi umpelekee daktari mwengine aitazame kabla hujalipa hata shilingi.

Na kwa wazee wetu wengi ambao taya la chini limeisha meno, mimi nawashauri kitu ambacho hakionekani kwenye video: implanti mbili tu mbele, na juu yake meno ya kuvaa yenye vifungo vinavyobana kama kifungo cha shati. Unayavua usiku unayaosha. Meno ya kuvaa ya kawaida taya la chini yanacheza, ulimi unayasukuma, mzee anaacha kula nyama, anaacha hata kuongea barazani. Ukiweka vile vifungo viwili mambo yanabadilika, na gharama ni ndogo mno kuliko kufunga taya zima, na likitokea tatizo linatengenezeka hapa hapa kisiwani.

Suala la muda. Titaniamu kushikana na mfupa si jambo la gundi. Msweden Per-Ingvar Brånemark alikuwa anachunguza mfupa wa sungura miaka ya 1950, akaweka vyombo vidogo vya titaniamu, wakati wa kuvitoa akakuta mfupa umevikumbatia havitoki, na mgonjwa wa kwanza wa meno akamwekea mwaka 1965. Huo mfupa kukumbatia unataka muda wake, taya la chini kama miezi 3, la juu ambalo mfupa wake ni laini miezi 4 mpaka 6. Yale meno ya siku moja mnayoyaona si uongo, yapo, ikiwa implanti zimekaza vya kutosha siku ile ile zinafungwa pamoja na meno juu yake. Lakini hayo mara nyingi ni meno ya muda, ya plastiki, na mwenye nayo anakula vyakula laini mpaka mfupa ushike, kisha anarudi kufungwa ya kudumu. Video haionyeshi kurudi.

Na kurudi ndiko kunakowaumiza watu wa huku. Hesabu: safari ya ukaguzi na skani ya taya, safari ya kuweka, kutoa nyuzi za mshono wa fizi baada ya wiki moja au mbili, kuchukua vipimo, kujaribisha, kufunga, kukaguliwa. Kila safari ni boti mpaka Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen na Malindi mpaka Mombasa, na mahali pa kulala. Kabla hujakubaliana bei na daktari ziorodheshe safari zote, ulize zipi zinaweza kufanyika hapa Lamu, kwa sababu kutoa nyuzi na kukagua fizi sisi tunaweza, ilimradi tuletewe barua. Barua, si salamu za mdomo. Na suala la nani atalipa, SHA (bima ya afya ya serikali) au bima ya kazini, pata jibu la maandishi kabla ya kuanza, usiende kwa kudhania.

Mfupa nao. Jino likitoka mfupa wake unaanza kuliwa, na ndani ya mwaka wa kwanza upana unaweza kupungua mpaka nusu. Aliyekaa na pengo miaka kumi na tano asishangae akiambiwa hapana mahali pa kushika, huenda akahitaji kuongezewa mfupa. Hapa nawaomba Waislamu wenzangu msikilize: unga wa mfupa unaotumika sana unatoka kwa ng'ombe, lakini ule utando unaofunikiwa juu yake mara nyingi unatengenezwa kwa nguruwe. Upo wa ng'ombe pia, na zipo aina za kiwandani zisizotoka kwa mnyama yeyote. Daktari wa mbali anaweza asifikirie kukueleza, si kwa ubaya, hajaulizwa tu. Uliza mapema, na la hukumu yake waulize mashekhe wenu, hilo si langu. Na kama Ramadhani imekaribia, upasuaji usiwe siku zile, dawa zina saa zake na kinywa kinataka maji.

Taya la juu nyuma kuna uwazi wa hewa juu ya magego, daktari anaweza kulazimika kuinua sakafu yake aongeze mfupa. Ukifanyiwa hivyo hupigi mbizi wala hupengi kamasi kwa nguvu mpaka uruhusiwe, ni suala la wiki kadhaa. Wazamiaji wa kamba wa Kizingitini na Kiunga, hili ni lenu, mwambieni daktari kazi yenu kabla ya kutia sahihi. Chini nako kuna mshipa wa fahamu ndani ya taya, ukiguswa mdomo na kidevu vinakufa ganzi, pengine moja kwa moja. Ndiyo maana eksirei ya kawaida haitoshi kwa kazi ya implanti nyingi, inatakiwa skani inayoonyesha mfupa pande zote.

Sukari ikiwa juu, itulizeni kwanza, nataka kuona kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 3 si cha asubuhi ya leo. Sigara inafanya hatari ya implanti kukataa iwe karibu maradufu. Wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa, na waliochomwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, semeni, hata kama hamkuulizwa.

Halafu kuna hili la kusema "hayaozi kwa hivyo sipigi mswaki". Nimelijibu mara nyingi mpaka sauti imekauka. Jino la titaniamu halitoboki, ni kweli, ila fizi na mfupa unaolishika ni vyako wewe, ni nyama na mfupa kama wa kila mtu. Ukoga ukijaa pale chini ya daraja, fizi inavimba, inatoa damu, usaha, mfupa unashuka kimya kimya, na kwa kuwa implanti haina ule utando wa hisia ulioko kwenye jino la asili, huna maumivu ya kukushtua. Unashtuka ikitikisika, na ikitikisika yenyewe ndani ya mfupa imekwisha hiyo. Msuwaki wa mti ni mzuri, ni sunna, sikukatazi, ila haufiki chini ya daraja. Kuna vibrashi vidogo vya kupitisha katikati, mara moja kila siku. Anayetafuna miraa upande mmoja usiku kucha na soda pembeni, nimweleze ukweli, hiyo ni mzigo na sukari kwa pamoja juu ya implanti ile ile. Akitunza, zaidi ya 9 katika kila 10 zinafika miaka kumi na kuendelea.

Sasa leseni, na hapa nitakaa kidogo. Wanaoruhusiwa kuweka implanti ni madaktari wa meno waliosajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, chini ya Sheria Sura ya 253. Kusajiliwa ni jambo moja, leseni ya mwaka huu ni jambo la pili, na kliniki yenyewe kuwa na leseni ni jambo la tatu. Vyote vitatu. Kwenye tovuti ya baraza unaandika jina la daktari unaona kama leseni yake iko hai. Afisa wa afya ya kinywa ana kazi yake, na ni kazi muhimu, lakini kupasua taya si kazi yake. Fundi anayetengeneza meno ya bandia hali kadhalika, atengeneze, asikate fizi. Anayefanya bila usajili ametenda kosa la jinai, anashtakiwa mahakamani na anaweza kutozwa faini ama kufungwa. Daktari aliyesajiliwa akikosea, malalamiko yanapelekwa barazani kwa maandishi: jina lako, jina la daktari na kliniki, tarehe, kilichotokea, nakala za risiti na eksirei. Baraza linamtaka daktari ajibu, kamati ya nidhamu inasikiliza pande zote mbili, na ikimkuta na hatia anaweza kuonywa, kurudishwa mafunzoni, kusimamishwa leseni ama kufutwa kabisa kwenye daftari. Haki ya kulalamika iko kwenye kifungu cha 14 cha ile ile Sheria ya Afya. Ila bila karatasi malalamiko yanakuwa maneno, na baraza haliwezi kuhukumu maneno. Tafadhalini sana msiweke malalamiko kwenye magrupu ya WhatsApp na majina ya watu, hapo mnajitia hatiani nyinyi.

Ambao mmeshawekewa na hamna kadi, msingoje ilegee. Wapigieni waliowafanyia kazi sasa hivi wakati bado wanashika simu, muombe stika. Wasipopatikana njooni kliniki yetu siku yoyote ya kazi na eksirei zote za zamani, hata zilizokunjika, tutaanza kuitafuta kampuni kabla ya shida. Wa Faza na Kizingitini, boti ikichelewa msirudi njiani, tutawaona mpaka saa tisa alasiri.